Kutoka Kitini Hadi Mkekani

Wasichana waliokuja kwangu kujifunza cherehani hawakukosa kuniuliza: "Bi Rukia, mbona wakatia vitambaa kwenye meza ya kulia chakula?" Ni meza ya watu sita, yenye uso wa maua maua na miguu ya chuma, na haijawahi kuwekewa sahani hata siku moja. Wengine waliuliza kwa nini mkasi wangu nautundika kwenye msumari kando ya mlango, mbali na cherehani, kana kwamba tumegombana. Nilikuwa nikicheka na kuwaambia washike kazi. Sasa nimestaafu, nyuzi na matundu ya sindano havionani tena machoni mwangu, na wakati ninao. Kaeni niwajibu. Au bora simameni mkisikiliza, na mtajua kwa nini.

Aliyenifundisha kushona ni Bi Thureya, mjane jirani yetu hapa mtaa wa Kuze, Mji wa Kale. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujatimia. Tukabaki watatu: mimi, Fatma mwenye miaka saba, na Athman ambaye ndiyo kwanza ajishikilia ukuta kujifunza kutembea. Matanga yalipokwisha wazee wakakaa kutugawa. Fatma angekwenda Malindi kwa shangazi, na Athman angechukuliwa na ami yetu wa Lamu. Mimi nikaingia jikoni, nikatoa sinia la mama, lile la shaba, nikaliweka katikati ya mkeka mbele yao.

"Sisi twala sinia moja," nikasema. "Anayemtaka mmoja wetu na atuchukue sote."

Hapakuwa na mwenye nafasi ya watatu. Tukabaki nyumbani kwetu, shule nikaiachia darasa la sita, na asubuhi yake nikabisha mlango wa Bi Thureya.

Bi Thureya alikuwa fundi hasa, na alikuwa na kanuni moja kuliko zote: fundi mzuri hainuki. Mkasi uwe mkono wa kulia, chaki kushoto, futi shingoni, pini kwenye kibweta karibu na goti. "Akiinuka fundi," alikuwa akisema, "na mteja huinuka." Nikaishika kanuni hiyo miaka arubaini na zaidi. Nilishona sare za shule, makanzu, nguo za maharusi. Nilishona, watu wakazaliwa, wakaolewa, nikawashonea watoto wao. Na kila fundi mwenzangu alipolalamika mgongo, mimi nilijivunia miguu yangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na nilikuwa nikiwaambia: "Mguu huu umeshatembea mpaka Maka na kurudi, mimi mwenyewe nikiwa hapa hapa kitini."

Hilo ndilo kosa la kwanza nitakalowaambia. Kisigino kilitembea, lakini goti lilikaa limekunjwa vile vile tangu asubuhi hadi Magharibi, na kiuno hakikutoka kitini. Kiungo kisichotumwa husahau kazi yake.

Nililigundua hilo siku ya Idi, ile ya kumaliza Ramadhani, mwaka mmoja wa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Yatupasa kula sinia lile lile la mama kila Idi hiyo, sisi watatu, kwenye mkeka. Fatma huja na watu wake kutoka mtaa wa Buxton, Athman huja na wake, na hao wengine wana masinia yao, lakini lile la shaba ni letu watatu. Na kuna desturi ambayo kila mtoto wa nyumba za huku aijua: hakuna anayeinuka kabla ya mkubwa. Mkubwa ni mimi.

Basi tulikula, tukashiba. Nikaweka mkono chini niinuke. Mwili ukakaa. Nikajaribu upande wa pili, mwili ukakaa. Nikaona haya, nikaurudisha mkono siniani, nikajifanya bado nala. Nikaokota punje moja ya pilau. Nikaokota nyingine. Athman na Fatma wametulia, mikono yawakauka masala.

"Dada," Fatma akasema, "leo una njaa ya n'ni?"

"Pilau tamu," nikasema.

"Dada, wala punje moja moja kama kuku."

Tulikaa hivyo mpaka ikaadhiniwa adhana ya Alasiri. Hapo sikuweza tena kujificha. Athman akashika kwapa moja, Fatma akashika la pili, wakahesabu "moya, mbili, tatu," wakanivuta. Watoto chumba cha pili wakacheka mpaka wakapaliwa. Na mimi nilicheka. Lakini usiku sikucheka.

Baada ya wiki mbili Athman akaja kunipa habari njema, kama alivyoiita mwenyewe. Alikuwa karani bandarini wakati huo, mtu wa ofisi, mwenye kitambi cha heshima.

"Dada, nimekununulia meza."

"Meza ya kazi gani?"

"Ya kulia. Na viti vyake sita. Idi ijayo tutakaa kama watu."

"Kwani miaka yote hii tumekaa kama n'ni, kama paka?"

"Usinune, Dada. Nayahurumia magoti yako."

Alikuwa na nia njema, na meza si kitu kibaya. Lakini juu ya meza kila mtu ana sahani yake. Lile sinia ndilo nililowaweka nalo watoto hawa wawili pamoja, mbele ya wazee wazima. Niliogopa kwamba siku litakapotundikwa ukutani liwe pambo, ndiyo siku watakapoanza kupata sababu ya kula Idi kila mtu kwake. Tena, kwa sababu ya magoti yangu mimi.

"Nipe mpaka Idi hiyo ya mwakani," nikamwambia. "Nikiketi chini na kuinuka bila ya mkono wa mtu, meza hiyo haitawekwa chakula katika nyumba hii. Nikishindwa, nitakaa kitini na hutanisikia neno."

"Mwaka mzima ujisumbue, Dada?"

"Mimi nilikungoja wewe ujue kutembea. Utashindwa kuningoja mimi nijue kuinuka?"

Akakubali. Meza akaiweka kwake, imefungwa kwa kamba.

Nilikwenda kwanza kwa daktari. Akaniminya magoti, akayakunja, akayakunjua, akasema: "Haya hayajaharibika, mama. Yamekaa bure tu. Anza kutembea, kidogo kidogo." Nikanunua raba nyeupe, za kwanza maishani mwangu, nikazivaa chini ya buibui, nikatoka baada ya Alasiri.

Sasa nyinyi mnaokaa mitaa mipya hamtajua tabu ya kufanya mazoezi Kuze. Daktari alisema nusu saa bila kusimama. Lakini utapitaje mlango wa mtu bila kumwamkua? Na ukimwamkua, utapitaje bila kumuuliza nyumbani hawajambo, na mgonjwa aendeleaje, na yule aliyesafiri ameshafika? Na mtu akikwambia "ndoo unywe kahawa," ukikataa, kesho yasemwa Rukia ameota pembe. Nusu saa yangu ya kwanza ilinifikisha mlango wa nne. Kwa Bi Maryamu nilikula mahamri. Kwa pili yake viazi vya karai. Kwa tatu yake halua, na kwa nne yake nikaulizwa, "Rukia, wendapi na raba?"

"Nafanya mazoezi."

"Mashaallah. Basi keti upumzike."

Nilifanya mazoezi hayo majuma matatu, bila kukosa siku. Kisha nikajipima kwa futi yangu mwenyewe, kwani futi haina huruma. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi moja na nusu.

Nikasema dawa ni kwenda nisikojulikana. Asubuhi moja nikatoka Kuze mapema, nikakata mji, nikashika njia ya Liwatoni, kunakoshushwa samaki. Huko nani anijue? Nilitembea bila kuamkua mtu, kwa kasi, kwa raha, nikijiona msichana. Na hapo nikafanya kosa la pili: nilisahau kwamba kwenda kuna kurudi. Nilipofika miguu ilikuwa yatetemeka kama sindano isiyokazwa. Nikaona kreti la samaki limefudikizwa, nikaliketia. Kreti ni fupi kuliko kiti. Basi, likawa lile lile la Idi.

Mbele yangu palikuwa na mama mmoja apaa samaki. Alikuwa amechutama, nyayo zote chini, kisu mkononi, magamba yaruka. Mkubwa kuliko mimi, nywele nyeupe zatokeza kwenye leso. Nikamwona ainuka, achukua beseni, amwaga maji, achutama tena. Ainuka. Achutama. Wala hagusi kitu. Nilimtazama kama mtu atazamavyo kiini macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu, kwani wangoja samaki ama wangoja mtu?"

"Nangoja miguu."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Huyo ndiye Mama Kadzo, mtu wa Kaloleni, aliyekuwa akija mjini kufanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nikamweleza yote, meza, sinia na Idi. Akaniambia nijaribu kuinuka aone. Nikajaribu. Akatikisa kichwa.

"Weye wajivuta kwa shingo," akasema. "Miguu umeitupa kule mbele, na mwili uko huku nyuma. Nani atambeba nani? Vuta miguu ije chini yako. Haya. Sasa inama, pua ipite vidole vya miguu. Usizuie pumzi, kwani wapiga mbizi? Toa. Sukuma ardhi kwa kisigino."

Nikainuka. Sikuinuka vizuri, niliyumba kama mlevi, lakini sikushikwa.

"Ee," akasema Mama Kadzo, "sasa rudi chini."

"Nirudi?"

"Kuketi je, hukuja kujifunza? Mtu aketiye kwa kuanguka hainuki."

Alinirudisha mara tano. Ya sita miguu iligoma kabisa, na ndipo akanitafutia mkokoteni uliokuwa wapeleka barafu upande wa Mji wa Kale. Nikapandishwa juu, nikaegemezwa maguniani, nikajifunika buibui uso mzima nisitambulike. Mkokoteni ukaingia Kuze polepole, barafu yanichuruzikia mgongoni, na mimi nimejikunyata kimya. Nikasikia sauti ya Bi Maryamu mlangoni kwake:

"Sabalkheri, Rukia! Mazoezi yaendeleaje?"

Uso niliufunika. Raba nyeupe nilizisahau.

Basi jueni kwamba mazoezi ya utu uzima huanza kwa kuchekwa. Mkikubali kuchekwa siku za mwanzo, mmeshavuka mto mpana. Mimi nilicheka nao, na siku ya pili nikakaa nikafikiri kama fundi. Je, mimi nguo huishona namna gani? Siikati asubuhi nikaipiga pasi adhuhuri. Hupima, nikapiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kujaribia, nikaona wapi pavuta na wapi palegea, ndipo nikashona. Kwa nini mwili niushone kwa siku moja?

Nikapanga vikalio vya nyumbani kwa kimo. Cha kwanza kiti. Cha pili stuli yangu ya kazini. Cha tatu kigoda cha jikoni. Cha nne mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mwenye kuikalia yu karibu aguse sakafu. Cha mwisho mkeka. Nikajiambia kwamba nitashuka kimoja kimoja, na sitaondoka kwenye kimoja mpaka nikiketie na kukiinukia mara kumi bila kushika kitu, siku saba mfululizo. Kila siku nikichora mstari wa chaki ukutani. Siku nikikosa, hesabu naianza upya.

Kiti kilinichukua mwezi. Stuli ilikuwa rahisi. Kigoda, ah, kigoda kilinitoa jasho miezi mitatu. Nilifika siku ya sita mara mbili, nikapata mafua, nikarudi mwanzo. Fatma alikuwa akija, aona mistari imefutwa.

"Dada, si ungejihesabia tu? Nani atajua?"

"Goti litajua."

Na kazini nikaivunja kanuni ya Bi Thureya, Mungu amrehemu. Nilimheshimu mpaka mwisho, lakini kwa hili alikosea. Mkasi nikautundika mlangoni. Pasi nikaipeleka chumba cha pili. Kila mkono wa nguo ukiisha kushonwa, yanilazimu niinuke kukata uzi. Wateja walishangaa. Mmoja aliniambia, "Bi Rukia, waenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu." Nikamwambia kweli, nilikisahau miaka arubaini, sasa ndiyo nakitafuta. Na hawakuinuka wateja. Nguo zilichelewa robo siku, lakini mgongo uliokuwa ukinilaza kila Alhamisi uliacha.

Kutembea nako nilipata njia yake. Nikawa natoka baada ya sala ya Alfajiri, kabla milango haijafunguliwa, naenda kwa Fatma Buxton, napanda ngazi zake mpaka juu, nanywa chai moja bila mahamri, narudi. Siku ya Jumamosi nakwenda Liwatoni kwa Mama Kadzo kukaguliwa. Hakuwa mtu wa sifa. Ukifanya vizuri alisema, "Ee." Ukikosea alirusha gamba la samaki.

Ikafika Ramadhani nami niko juu ya mbuzi, siku ya nne. Nikasema mwezi huu mtukufu mwili na upumzike. Nikaacha yote, matembezi na kuketi. Funga, kushona nguo za Idi, ambazo kila mtu azitaka jana, na kulala kidogo. Ilipofika kumi la pili la mwezi, nikaketi juu ya mbuzi nikune nazi ya futari, nikakuna, nikamaliza, nikataka kuinuka. Sikuinuka. Nilishika mlango, nikajivuta, nazi niliyoikuna ikamwagika.

Nililia siku hiyo, siwafichi. Si kwa nazi. Zilibaki siku kumi na nne, na Athman alikuwa ameshapeleka meza kwa fundi wa chuma kukazwa miguu.

Jumamosi nikamfuata Mama Kadzo, nikamweleza kwamba ni kwa sababu ya funga. Yeye si Mwislamu, ni mtu wa kanisani, na alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Bi Fundi, weye umefunga kula. Na kuinuka pia umefunga?"

Tangu siku hiyo nikaanza tena, nusu saa kabla ya Magharibi, nikijua kwamba nikichoka maji yako karibu. Sikurukia pale nilipoachia. Nilirudi kigodani siku tatu, kisha mbuzi, polepole, nikihesabu pumzi badala ya kuhesabu siku. Mwandamo wa mwezi uliponadiwa, mkeka nilikuwa nimeujaribu mara mbili tu. Mara moja niliweza. Mara moja sikuweza.

Asubuhi ya Idi meza ilifika kabla ya watu. Ilisimamishwa ukumbini na viti vyake, yangʼaa. Karibu nayo nikatandika mkeka, nikaweka sinia la mama. Athman akaangalia huku, akaangalia huku. Watoto walikuwa wamejaa mlangoni. Nadhani waliwekeana dau juu yangu.

Nikaketi. Sikuanguka, nilishuka. Niliona Fatma ameuma mdomo. Tukala, na safari hii sikujua kama pilau ilikuwa tamu au chungu, maana nilikuwa nikiyasemesha magoti kimoyomoyo. Sinia likabaki jeupe. Wakanitazama.

Nikavuta miguu ikaja chini yangu. Nikainama, pua ikapita vidole. Nikatoa pumzi, nikasukuma ardhi.

Katikati hapo kuna mahali pabaya, kila aliyejaribu apajua, ambapo mwili haujui kama waenda juu au chini. Athman akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Ondoa!" Akauondoa. Goti la kushoto likalia kaa! nyumba nzima ikasikia, na mimi nikajikuta nimesimama, naona meza kwa juu.

Vigelegele vya Fatma vilifika Buxton kabla yake. Akainuka na yeye, akanikumbatia. Watoto wapiga makofi. Ndipo tukatambua kwamba kuna mtu mmoja bado yuko chini.

Athman alikuwa ameweka mkono sakafuni. Akajaribu upande wa kulia. Akajaribu wa kushoto. Kisha polepole, bila kututazama, akarudisha vidole siniani, akatafuta punje ya pilau.

"Athman," Fatma akamwambia, "leo una njaa ya n'ni?"

"Mguu umekufa ganzi," akasema. "Ni ganzi tu." Akanitazama mimi kutoka kule chini, mtu mzima na ndevu zake, kwa macho yale yale ya mtoto aliyejishikilia ukuta. "Dada, nipe mkono."

Miaka yote nilikuwa nikimpa. Siku ile sikumpa. Nilikunja kanzu yangu, nikavuta pumzi, nikaketi tena chini kwenye mkeka kando yake, ili nimwonyeshe.

"Vuta miguu chini yako," nikamwambia. "Haya. Pua mbele."